Nilimngoja Chihaya kwa sababu ya masikio ya Hirose Suzu

Kazi yangu ni kurekodi sauti za filamu, kwa hiyo mwigizaji namsikiliza kabla sijamtazama. Chihayafuru ni hadithi ya manga, yaani vitabu vya katuni vya Kijapani, iliyofanywa pia anime, yaani katuni za video; inamhusu Chihaya, msichana anayecheza karuta, mchezo wa kadi wa Kijapani. Iliposikika kwamba inatengenezewa filamu ya waigizaji halisi, wenzangu wapenzi wa anime walibishana kuhusu nywele na sare za shule. Mimi nilitaka kujua jambo moja tu: Chihaya anaigizwa na nani? Jibu likaja, Hirose Suzu. Tangu siku hiyo nikawa nahesabu miezi.

Ili unielewe, lazima nieleze mchezo wenyewe. Karuta ya mashindano huchezwa kwa mashairi 100 ya kale yaitwayo Hyakunin Isshu. Kila shairi lina mizani 31: 17 za juu, 14 za chini. Sisi tuliolelewa na ukwapi na utao hapo hatupotei. Kadi zilizopangwa sakafuni zimeandikwa nusu ya chini peke yake. Msomaji anaghani nusu ya juu, nawe uipige kadi ya utao wake kabla mpinzani hajaifikia. Kila mchezaji anapanga kadi 25. Zile 50 nyingine hazipo sakafuni kabisa, lakini mashairi yake yanasomwa vilevile, na ukiparamia kadi yoyote wakati huo umekosea.

Hakuna anayesubiri mstari uishe. Shairi linaloanza na "fu" ni moja tu, basi silabi hiyo inatosha. Yanayoanza na "chi" ni matatu, likiwemo Chihayaburu lililobeba jina la msichana wetu: ukisikia "ha" inafuata, piga, ukisikia "gi", zuia mkono.

Kipaji cha Chihaya ni kuisikia "fu" kabla haijawa "fu". Watu hudhani hiyo ni chumvi ya katuni. Si chumvi. Nikifungua rekodi kwenye kompyuta, herufi f inaonekana kama manyunyu ya pumzi, halafu ndipo irabu inaingia na mawimbi yake yaliyopangika. F ya Kijapani ni laini kuliko yetu, kwa kuwa midomo inakaribiana tu bila meno kugusa mdomo wa chini. Ile pumzi ipo na inasikika, ila inataka sikio lililotulia.

Sasa, anime inaweza kuichora sauti kwa rangi na mwanga. Mtu halisi ana uso wake tu. Na kusikiliza ndiyo kazi ngumu kuliko zote mbele ya kamera. Nikiwa nimevaa hedifoni, mwigizaji asiyesikiliza namjua mara moja: anavuta pumzi ya kusema wakati mwenzake bado yuko katikati ya sentensi. Anangoja zamu yake, basi.

Hirose Suzu nilimjua kupitia filamu ya Umimachi Diary ya mwaka 2015, ambayo nayo imetokana na manga. Mwongozaji Kore-eda Hirokazu hakumpa skripti. Mistari yake aliambiwa kwa mdomo palepale, siku ya kurekodi, akaitoa. Angalia anavyokaa mezani na wale dada zake watatu wakubwa: maneno yao yanamfika kwanza, yanatua, ndipo jibu linatoka. Hakuwa na karatasi ya kukumbuka. Alikuwa na masikio. Binti aliyejifunza filamu kwa njia hiyo akipewa mhusika anayeishi kwa kusikia, mimi ningekosaje kungoja?

Wataya Arata, rafiki wa Chihaya wa tangu utotoni, aliigizwa na Mackenyu, yule mliyemwona baadaye akiwa Zoro katika tamthilia ya One Piece. Naye ni mzuri, lakini leo si siku yake.

Filamu mbili za kwanza zilitoka Japani mwaka 2016, Machi na Aprili, zikapewa majina ya nusu za shairi: Kami no Ku, ya juu, na Shimo no Ku, ya chini. Ukwapi na utao kwa sinema mbili! Nilifurahi kama mtoto. Nilipozipata nilizima feni, joto la Dar na lije, nikavaa hedifoni. Katika karuta, msomaji akimaliza shairi hunyamaza kama sekunde moja kabla ya kuanza jingine. Sekunde hiyo, na uso wa Suzu ndani yake, ndiyo niliyoingoja. Nilipoifikia niliirudisha nyuma, nikaitazama tena.