“Nisubiri ile niliyoizoea?” Majibu kwa wanaotumia metformin

Siku za kliniki ya kisukari hapa Mbeya sikosi mtu aliyekaa wiki mbili au tatu bila kumeza dawa. Dawa ilikuwepo. Alikwenda duka la dawa Mwanjelwa, akapewa boksi asilolijua, akakataa.

Metformin ni nini?
Ni kidonge cha kisukari aina ya pili. Hupunguza sukari inayotoka kwenye ini na kuusaidia mwili kuitumia vizuri insulini yake.

Nilizoea Glucophage, leo nimepewa jina jingine. Ni dawa ileile?
Ndiyo. Glucophage ni jina la biashara. Dawa yenyewe ni metformin, inayotumika tangu 1957, na leo viwanda vingi huitengeneza. Soma maandishi madogo chini ya jina kubwa: metformin, kisha nguvu yake, miligramu 500, 850 au 1000. Vikilingana na cheti chako, meza. Rangi ya kidonge haitibu kitu. Kama cha zamani kilikuwa cha kuyeyuka polepole, hapo muulize mfamasia kwanza.

Mbona bei yake ni rahisi? Si feki?
Kiwanda cha pili hakirudii gharama za utafiti wa mwanzo. Nunua kwenye duka lililosajiliwa, dawa iliyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa nchini.

Basi nisubiri ile yangu ije?
Hapana. Usisubiri hata siku moja.

Lakini nikiacha sijisikii vibaya.
Hapo ndipo watu wanapoumia. Sukari hupanda kimyakimya huku unalima viazi vyako Uyole kama kawaida. Baada ya muda ganzi inaingia miguuni, jiwe linakuchubua ndani ya buti siku nzima bila wewe kusikia, na unaletwa kwangu kidonda kikiwa kimeshatoa harufu. Nimewasindikiza wengi kwenda kukatwa mguu, na ninawaomba, baba zangu na mama zangu: usisubiri boksi. Meza metformin iliyopo.

Nimebakiwa na za zamani, nimeze pamoja na mpya?
Hapana! Ni dawa moja, utakuwa umezidisha dozi. Hili naliona mara nyingi kwa wazee wanaotunziwa dawa na wajukuu, boksi mbili mezani na kila mtu anadhani ni dawa mbili.

Hii mpya inanivuruga tumbo.
Metformin yoyote huweza kufanya hivyo. Meza pamoja na chakula, mara nyingi hutulia. Ukitapika au kuharisha sana hadi kuishiwa maji, usikae nyumbani, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Duka halina kabisa, nifanyeje?
Usiulize kwa jina la boksi, uliza “metformin miligramu fulani”, na uanze kutafuta ukiwa bado na vidonge vya siku 7. Ukikosa, rudi kliniki na cheti chako. Usingoje tarehe ya miadi.