Je, wajua kwa nini mbwa jike ambaye hajapandwa anaweza kutoa maziwa?

Juni hapa Uyole, Mbeya, ni mwezi wa baridi na wa kupukuchua mahindi. Mwaka jana tukiwa uani na magunia, mbwa wetu Suzi, wa umri wa mwaka mmoja na nusu, alianza kubeba magunzi. Alichukua moja akalipeleka nyuma ya banda la kuni, akarudi kuchukua la pili. Jioni tulimkuta amechimba shimo, amelala ubavu, magunzi matano yamelala kwenye tumbo lake na yeye anayalamba moja moja. Mtoto aliponyoosha mkono achukue moja, Suzi alinguruma, naye hajawahi kumngurumia mtu wa nyumbani. Kesho yake asubuhi matiti yalikuwa yamevimba, na chuchu mbili zinadondosha maziwa.

Bibi jirani yetu alikuja kumtazama. "Mjukuu wangu, huyu ana watoto tumboni. Kuna mtu aliacha geti wazi."

"Hapana, bibi. Aprili alipokuwa kwenye joto, akitaka dume, tulimfungia ndani wiki tatu."

Bibi alitikisa kichwa. Kijana anayetusaidia kazi za shamba ndiye mwenye funguo za geti, kwa hiyo lawama zote zilimwangukia yeye, siku mbili nzima, hadi daktari wa mifugo alipokuja. Suzi hakuwa na mimba, na kijana hakuwa na kosa. Naandika haya kwa sababu najua kuna nyumba nyingine mtu analaumiwa hivyo hivyo leo.

Hali hii ni mimba hewa. Mwili unajiandaa kulea watoto ambao hawapo. Si uchawi, si mbwa kuchanganyikiwa, na mara nyingi si ugonjwa. Ili uielewe, mlinganishe mbwa na ng'ombe, maana wengi wetu huku tumekulia kwenye maziwa ya ng'ombe na tunajua hesabu ya siku 21.

Ng'ombe akitoa yai, mahali lilipotoka kwenye ovari panaota kinundu kidogo kinachotengeneza projesteroni, homoni inayolinda mimba. Kama mimba haikushika, mji wa mimba hutuma ujumbe wa kukiua kinundu hicho yapata siku ya 17. Projesteroni inashuka, mzunguko unaanza upya, na karibu siku ya 21 unamsikia analia zizini akitaka dume.

Mbwa hana ujumbe huo. Akishatoa mayai, vinundu vyake huishi kama miezi miwili, awe amepandwa au hajapandwa. Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi, kwa hiyo jike mwenye watoto tumboni na jike asiye na kitu hutembea na projesteroni inayokaribiana muda wote huo. Miezi miwili ikiisha, projesteroni huanguka, na anguko hilo hupandisha prolaktini, homoni ya maziwa na ya kulea. Ndipo matiti hujaa, jike huchimba, hutandika, hutafuta kitu cha kukumbatia. Kwa mwenye mimba, huo ni wakati wa kuzaa. Kwa Suzi, ulikuwa wakati wa magunzi.

Kwa maana hiyo kila jike mwenye ovari hupita njia hii kila baada ya joto. Wengi huipita kimyakimya, mwenye mbwa asione chochote. Wengine huonyesha wazi, na aliyeonyesha mara moja ana uwezekano mkubwa wa kurudia, yaani kila miezi sita au saba, kadiri mzunguko wake ulivyo.

Kwa nini maumbile yaliacha jambo hili liendelee? Wataalamu wengi wanaliunganisha na maisha ya kundi. Mbwa wetu wametokana na mbwamwitu wa nchi za kaskazini, ambao kwa kawaida katika kundi jike mmoja mkubwa ndiye huzaa, na wengine humsaidia kulea. Jike asiyezaa lakini mwenye maziwa na moyo wa kulea kwa wakati ule ule ni msaada mkubwa kwa kundi. Kwenye hifadhi ya Ruaha, upande wa Iringa, wako mbwa mwitu wetu wa Afrika, ambao ni jamii nyingine kabisa, lakini nao huishi hivyo: jike mkuu huzaa, na wenzake hurudi kutoka mawindoni na kuwatapikia watoto nyama. Nikilifikiria hilo, nilimwona Suzi kwa jicho jingine kabisa.

Sasa, afanyiwe nini? Kosa kubwa, na linafanywa kwa huruma, ni kumkanda matiti kwa kanga na maji ya moto, kisha kumkamua ili apate nafuu. Hapa tena mfugaji wa ng'ombe ana jibu tayari: ukitaka kumkausha ng'ombe, unaacha kumkamua. Chuchu ikiguswa, mwili unapata amri ya kutengeneza maziwa zaidi. Kwa hiyo usikamue, usikande, usibonyeze kila asubuhi kuangalia kama bado yapo. Jike mwenyewe pia hujilamba na kujinyonya, na hilo ni gumu kulizuia. Sisi tulimvalisha fulana kuukuu ya mtoto, tukaifunga fundo mgongoni. Kola ya plastiki ya shingoni inafanya kazi vizuri pia.

Magunzi hatukumnyang'anya akiwa pale. Jike anayelinda "watoto" wake anaweza kuuma, na watoto wa binadamu wakae mbali na shimo lake. Tulimtoa matembezi marefu kuelekea mashamba ya viazi, na nyuma yake mtu akaondoa gunzi moja au mawili. Matembezi yenyewe yalimsaidia sana kuliko yote, alirudi amechoka na amesahau. Chakula mpe kile cha kawaida, usimwongezee kama anayenyonyesha. Maji asinyimwe kamwe, hata kama mtu atakuambia ndiyo njia ya kukausha maziwa.

Dawa za binadamu ziache kabatini. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kumuumiza mbwa tumbo na figo, hata kumuua. Metoklopramidi, ile ya kuzuia kutapika, hupandisha prolaktini, kwa hiyo unaongeza tatizo lenyewe. Na sindano za homoni za kuzuia joto, ambazo wengine huwachoma mbwa wao, zinaweza kuleta usaha kwenye kizazi na uvimbe wa matiti. Ipo dawa sahihi, kabergolini, inayoshusha prolaktini, lakini ni ya daktari wa mifugo kuipima kwa uzito wa mbwa. Kama jike kumbe ana mimba ya kweli, dawa hiyo itaitoa. Ndiyo maana daktari huanza na kipimo. Ultrasaundi huonyesha watoto baada ya kama wiki nne, na kwa mikono peke yake mtu hawezi kuapa.

Mara nyingi hata dawa haihitajiki. Hali hii huisha yenyewe kwa wiki mbili au tatu.

Lakini zipo dalili ambazo hazisubiri. Titi likiwa la moto, jekundu, gumu, na maziwa yana damu au usaha, hayo ni maambukizi. Hatari zaidi ni usaha kwenye kizazi, kwa sababu nao huja katika majuma yale yale baada ya joto na watu huuchanganya na mimba. Jike anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa mara kwa mara, hataki kula, anatapika, amelegea, na pengine anatokwa na uchafu wenye harufu chini ya mkia. Mwingine hatokwi na kitu kabisa, tumbo linajaa tu. Huyo apelekwe siku hiyo hiyo. Na kama mbwa hana chanjo ya kichaa cha mbwa na ghafla amebadilika tabia, usijiambie ni mimba hewa. Mfungie peke yake, usimshike, uite daktari wa mifugo.

Wapo wanaosema azae mara moja hali itaisha. Haiishi. Joto lijalo vinundu vitaota vile vile. Kinachoimaliza ni kutoa kizazi pamoja na ovari, na hapa tarehe ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Jike akipasuliwa katikati ya miezi ile miwili, projesteroni inaanguka ghafla siku hiyo, prolaktini inapanda, na mimba hewa inaweza kuanzishwa na upasuaji wenyewe au ikagoma kuisha. Madaktari hupendelea kusubiri miezi mitatu hadi minne baada ya joto, maziwa yakiwa yamekauka kabisa. Kwa hiyo siku unapoona damu ya kwanza ya joto, iandike kwenye kalenda ya ukutani.

Yetu ilikuwa imeandikwa, ndiyo maana daktari alielewa haraka. Siku ya 18 Suzi alitoka shimoni mwenyewe, akarudi kulala mlangoni. Magunzi yaliyobaki tuliyawasha jikoni. Septemba alifanyiwa upasuaji, na kijana wetu ndiye aliyembeba mikononi kumrudisha nyumbani.