Je, wajua? James Hadley Chase aliijulia wapi Marekani?

Kwa miaka mingi niliamini, na nikawaaminisha wengine, kwamba James Hadley Chase alikuwa Mmarekani. Nilimwona kabisa akilini: askari mstaafu aliyezunguka Miami usiku na bastola kwapani, kisha uzeeni akaketi kuandika aliyoyaona. Riwaya zake, zile za picha ya mrembo jaladani ambazo wauza vitabu vya mtumba huzipanga kwenye turubai kando ya barabara, Nairobi na Dar es Salaam, zilisema Kimarekani mwanzo hadi mwisho. Majambazi, polisi, wahudumu wa baa, wote walizungumza hivyo. Nani angedhani vinginevyo?

Jina lenyewe halikuwa lake. Aliitwa René Brabazon Raymond, Mwingereza, mzaliwa wa London, Desemba 24, 1906. Hakuwa askari polisi wala mpelelezi. Alipoandika riwaya iliyompa umaarufu alikuwa hajakanyaga Marekani, na hata baadaye, alipokuwa tajiri, alifika Miami na New Orleans kwa ziara fupi tu. Alifia Uswisi mwaka 1985, akiwa ameacha riwaya karibu 90, nyingi zikitokea katika nchi ambayo hakuwahi kuishi.

Kuna kosa la pili, la wale wanaolijua la kwanza: kumsimulia kama mtoto wa kimaskini aliyepanda kutoka shimoni. Baba yake alikuwa kanali, daktari wa mifugo katika jeshi la Waingereza nchini India, na kijana alisoma shule nzuri. Dhiki ilianza alipoondoka nyumbani akiwa na miaka 18 na kujitegemea. Alibisha hodi nyumba kwa nyumba akiuza ensaiklopidia za watoto, akafanya kazi katika duka la vitabu, kisha akaajiriwa na kampuni inayouza vitabu kwa jumla. Hapo ndipo alipokuwa akifanya kazi riwaya iliyompa umaarufu ilipozaliwa.

Mwaka 1934 James M. Cain wa Marekani alitoa riwaya fupi, kali, isiyopoteza neno, na Raymond akaona inavyopokelewa. Pia magazeti yalikuwa yamejaa habari za genge la Barker, lililoteka matajiri na kudai fidia. Mama wa wale majambazi, Kate Barker, aliuawa na maofisa wa serikali huko Florida Januari 1935. Inaelezwa kwamba mwaka 1938 Raymond aliketi na kamusi ya misimu ya Kimarekani, yaani maneno ya mitaani, akaandika kwa wikendi sita, siku za kazi akirudi kazini kama kawaida. Kitabu, No Orchids for Miss Blandish, kikatoka 1939. Binti wa tajiri anatekwa na vibaka, vibaka wanapokonywa na genge kubwa linaloongozwa na mama mmoja katili, na baba mtu anamkodi mpelelezi, Dave Fenner. Miaka mitano baadaye mwandishi Mwingereza George Orwell aliandika insha kuhusu kitabu hicho, akiwanukuu wachapishaji kwamba nakala zisizopungua nusu milioni zilikuwa zimeuzwa. Kilichomshangaza ni hicho hicho kinachonishangaza mimi: Mwingereza ambaye, kwa alivyoamini Orwell, hajafika Marekani, amehamia kimawazo kwa ukamilifu katika ulimwengu wa wahalifu wa huko.

Aliwezaje? Jibu la haraka ni kamusi, ramani na ensaiklopidia, na ni kweli alivitegemea hivyo kwa miaka mingi. Lakini kamusi ya misimu ilikuwa wazi kwa kila mtu. Mfikirie fundi cherehani anayeshona suti ya mtu aliye mbali. Hamwoni mteja, anapewa vipimo kwenye karatasi. Akishona kwa vipimo vya kweli, suti inakaa. Sasa jiulize: mvaaji wa suti ya Chase ni nani? Hakuwa mtu wa Kansas City. Alikuwa karani wa London, mama wa nyumbani wa Leeds, baadaye askari kambini wakati wa vita. Nao Marekani waliijua kwa sinema na magazeti tu. Kwa hiyo fundi hakuhitaji vipimo vya Marekani halisi. Alihitaji vipimo vya ile Marekani iliyokuwa tayari kichwani mwa msomaji, na kamusi ilimpa vifungo vya kuifanya ionekane imetoka dukani.

Vipimo vya msomaji alivipata wapi? Hapa nakisia, ila nakisia kwa kuangalia kazi alizofanya. Mtu anayeuza ensaiklopidia mlangoni ana sekunde chache kabla mlango haujafungwa. Akianza na historia ya kampuni, amekwisha. Lazima sentensi ya kwanza imfanye mwenye nyumba asimame, ya pili imzuie kurudi jikoni. Fungua riwaya yoyote ya Chase uone: hakuna maelezo ya hali ya hewa kurasa tatu, mtu ana shida ya pesa ukurasa wa kwanza na ameshaingia mtegoni ukurasa wa kumi. Na anayeuza kwa jumla huona jambo ambalo mwandishi wa kawaida halioni: vitabu gani maduka yanaviagiza tena, na vipi vinarudi na vumbi lake.

Mbinu hiyo ilikuwa na hatari yake. Anayeshona kwa vitambaa vya wengine anaweza kuchukua kipande kizima. Baada ya riwaya yake Blonde's Requiem kutoka mwaka 1945, kwa jina lake jingine la Raymond Marshall, Raymond Chandler, mwandishi wa Marekani wa riwaya za upelelezi, alilalamika kwamba sehemu zimechotwa kwenye vitabu vyake, na Chase akalazimika kuomba radhi hadharani katika jarida la wauza vitabu wa Uingereza. Hilo ni doa, na sioni sababu ya kulificha.

Bado, nadhani hiki ndicho kilichozifikisha riwaya zake kwenye yale maturubai yetu. Msomaji wa Kisumu au Tanga hakuwa mbali na Florida kuliko msomaji wa London. Wote wawili waliijua kwa picha. Hakukuwa na mtaa wa kuulizia, hakuna utani wa kienyeji wa kueleza. Na Chase mwenyewe, kadiri alivyoendelea, aliacha hata kuhangaika na ramani. Riwaya nyingi za baadaye aliziweka katika mji mmoja wa kitajiri wa pwani ya Florida, wenye kituo chake cha polisi, kasino zake na wapelelezi wake, akina Lepski na Beigler, wanaojulikana na kila msomaji wake. Unaitwa Paradise City. Niliwahi kuutafuta kwenye ramani, kusini hadi kaskazini. Haumo, aliutunga.