Je, wajua mti wa asili mrefu kuliko yote Afrika ulipimwaje kutoka chini?

Ukipanda kutoka Moshi mjini kwenda Mbokomu, unapita vihamba vya migomba na kahawa, kisha bonde linazama na msitu wa Kilimanjaro unaanza. Humo umesimama mti wa asili mrefu kuliko yote inayojulikana Afrika: mkukusu, kwa jina la kitaalamu Entandrophragma excelsum, wenye urefu wa mita 81.5. Ni wa familia moja na mwarobaini huu tunaoukalia kivulini mjini.

Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, aliiona mikukusu ya bonde hilo miaka 20 hivi kabla urefu wake haujajulikana. Vipimo vilifanyika kati ya 2012 na 2016. Mti mkubwa hivyo ulichelewaje kupimwa? Ni kwamba ndani ya msitu wa mvua huuoni mti mzima. Ukiwa karibu, unaona shina na majani ya miti mingine. Ukirudi nyuma, unapoteza hata shina.

Kihambani kazi ni rahisi. Chagua mgrevilea uliosimama peke yake. Shika kijiti wima, mkono umenyooka, sehemu inayozidi ngumi iwe sawa na umbali kutoka ngumi hadi jicho. Rudi nyuma mpaka kijiti kiufunike mti wote, kutoka chini ya shina hadi kilele. Sasa hesabu hatua zako hadi kwenye mti: huo ndio urefu wake kwa hatua, takribani.

Lakini mkukusu una matawi mapana, na hapo ndipo hesabu inapodanganya. Tuseme umesimama mita 60 kutoka kwenye shina, na tawi unalodhani ni kilele limekujia mita 10. Kama tawi hilo liko mita 70 juu ya jicho lako, hesabu ya pembe na umbali wa shina itakupa mita 84. Umeongeza mita 14 ambazo hazipo! Ndiyo maana mimi siamini urefu wa mti mpaka nijue umepimwaje.

Kifaa cha leza huondoa kosa hilo. Hutuma mwanga hadi kwenye kitawi chenyewe na kupima umbali wa moja kwa moja, hapa mita 86. Ukiuzidisha na saini ya pembe (kwa Kiingereza sine, yaani uwiano wa kimo na umbali huo wa moja kwa moja), unapata mita 70 zilezile. Kisha unapima hadi kwenye shina lilipoingia ardhini, maana bondeni shina huweza kuwa chini ya miguu yako. Kinachochosha ni kutafuta upenyo wa kuona kilele.

Mikukusu 10 mirefu zaidi ya Kilimanjaro ilikuwa na mita 59.2 hadi 81.5. Imefika huko kwa sababu ya udongo wa volkano wenye rutuba, mvua nyingi za upande wa kusini wa mlima, joto la kutosha na muda: umri wake unakadiriwa kuwa miaka 500 hadi 600.

Tunda lake ni gumu kama mbao. Likikauka hupasuka na kumenyuka kama ndizi, na mbegu zenye bawa hushuka zikizunguka. Ukiliona ganda moja chini, simama hapohapo uinue macho. Kilele, huenda usikione.