Jana Alikuwa Anaongea Vizuri Tu, Daktari

Alhamisi iliyopita, saa tatu asubuhi, mama mmoja wa Lanet, hapa Nakuru, aliingia kliniki amebeba ndoo ya Kasuku, ile ya mafuta ya kupikia, kifuniko kimetobolewa kwa msumari. Ndani ya Kasuku mlikuwa na kasuku. Ningecheka kama nisingefunua. Ndege alikuwa ametulia chini kabisa, manyoya yamefura, macho yamefumba nusu, mkia unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi. Akanitazama, akasema kwa sauti ya mwenye nyumba: "Hodi! Karibu chai!"

"Umemsikia?" mama akaniambia, uso umechangamka. "Bado anaongea. Nafikiri ni mafua tu."

Nilimfunga kwa taulo nikampapasa kidari. Mfupa ulikuwa umechongoka kama makali ya panga, nyama za pande zote mbili zimekwisha. Kasuku wa kijivu mzima huwa na gramu 400 hadi 500 hivi. Mizani ilisoma 312. Nyama haiishi hivyo kwa usiku mmoja wala kwa wiki moja. Saa sita haikufika akawa amekufa, na kabla ya hapo alinikaribisha chai mara moja zaidi.

"Lakini jana alikuwa anaongea vizuri tu, daktari."

Mimi ni daktari wa mifugo. Wagonjwa wangu wengi ni ng'ombe wa maziwa, mbwa na kuku wa mayai. Kasuku huja mmoja mmoja, na karibu wote huja wamechelewa. Sentensi hiyo ya mama wa Lanet nimeisikia Nakuru, nimeisikia miaka niliyofanya kazi Kisumu, nimeisikia kwa simu saa tano za usiku. Leo imenifika hapa. Nitaijibu, pamoja na nyingine ninazoambiwa na wenye kasuku.

"Akiongea, basi ni mzima"

Hapana. Maneno ndiyo kitu cha mwisho kasuku huacha. Wengine hawaachi kabisa.

Huyu ni ndege wa kuwindwa. Porini, anayeonekana mnyonge ndiye mwewe humchagua, kwa hiyo mwili wake umejifunza kuficha ugonjwa. Ukiingia chumbani anajikaza, anasimama wima, anabana manyoya, anakusalimia. Ukitoka anafura tena na kusinzia. Wewe unaona zile dakika mbili za maigizo, unaenda kazini umeridhika. Tena kuita ndiyo njia yake ya kushikamana na kundi, na kwa kuwa hana kundi lingine, kundi lake ni ninyi. "Hodi" yake haikwambii hali yake ya afya. Anauliza tu kama bado mpo.

Basi utajuaje? Kwa mizani. Wateja wangu wananicheka kwa hili na sijali. Nunua mizani ya jikoni ya betri, inayosoma gramu mojamoja. Bei yake haizidi ya kuku wa kienyeji. Funga kijiti juu yake, mzoeze ndege kupanda kwa kumpa kipande cha njugu, kisha mpime kila asubuhi, baada ya kinyesi cha kwanza na kabla hajala. Andika. Daftari la Kasuku, lile la shule, linafaa, na jina limekaa mahali pake. Akipungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake wa kawaida, mlete siku hiyo hiyo. Wa gramu 450 akifika 405, usingoje Jumatatu. Mtu anapima unga wa mandazi kwa gramu, halafu ndege anayeweza kuishi miaka 40 na zaidi anampima kwa macho!

Nina mzee mmoja wa Kiamunyi, mwalimu mstaafu, ambaye alinisikiliza. Alikuja na tundu mkono mmoja na daftari mkono wa pili: 462, 460, 461, 455, 448, 439. Ndege mwenyewe alikuwa amechangamka, anaita abiria kama makanga wa stendi, "Beba beba! Mmoja wa haraka!", mpaka mbwa waliokuwa wakingoja chanjo wakaanza kubweka. Mtu mwingine angesema huyu hana shida. Nilipomfungua mdomo nikakuta mabaka meupe chini ya ulimi na nyuma ya kaakaa. Kumeza kulikuwa kunamuuma, kwa hiyo alikuwa anachambua chakula na kukiangusha, na bakuli lilionekana limeliwa kwa sababu lilikuwa limejaa maganda. Upungufu wa vitamini A, na maambukizi juu yake. Tulimtibu, tukabadilisha lishe, akarudi 458. Ugonjwa ule ulisomeka daftarini, wala hakuna aliyeusikia mdomoni mwake.

Cha pili ni kinyesi. Ondoeni maranda ya mbao chini ya tundu, tandikeni gazeti. Kwenye maranda huoni kitu, na maranda yakilowa yanaota kuvu. Kinyesi cha kasuku kina sehemu tatu: kinyesi chenyewe, mkojo mzito mweupe na maji. Maji yakizidi baada ya kula papai, hayo si maradhi. Ile sehemu nyeupe ikigeuka manjano au kijani, hilo ni jambo la ini na nataka kumwona. Mbegu zikitoka nzima nzima, nataka kumwona. Kinyesi kikipungua, maana yake hali chakula, hata kama mdomo uko bakulini kutwa.

Na mkitaka sana kutumia maneno yake kama kipimo, basi msikilize sauti inavyotoka. Kuvu ya njia ya hewa mara nyingine hukaa palepale sauti inapotengenezwa. Kasuku aliyekuwa anapiga mluzi safi akianza kukwaruza, au akiacha neno moja alilozoea kulisema kila siku, usifikiri amelisahau. Kuvu hiyo mara nyingi anapewa na sisi wenyewe, kwa njugu karanga zilizolala gunia moja tangu mavuno. Njugu ambayo hungemlisha mtoto wako kwa kuogopa aflatoksini, usimpe yeye.

Mwangalie pia akiwa hajui unamwangalia, kupitia ufa wa mlango. Mkia ukipiga kila pumzi akiwa ametulia, hiyo ni dharura. Amekaa sakafuni mwa tundu badala ya kijitini? Dharura. Kusinzia mchana kwa mguu mmoja, manyoya yamelala, ni kawaida. Kusinzia kwa miguu miwili huku amefura kama mpira, si kawaida.

"Nilimwekea dawa ya kuku kwenye maji"

Hii ni ndugu ya ile ya kwanza, ndiyo hula siku ambazo ningezitumia kumwokoa. Dawa ya unga ya agroveti imepimiwa kuku wa gredi wanaokunywa maji kwa lita. Kasuku hunywa kidogo, akiugua hunywa kidogo zaidi, na maji yakibadilika ladha anayaacha kabisa. Unamwongezea kiu juu ya ugonjwa. Isitoshe hujui unatibu nini: antibaiotiki haiui kuvu. Mwenye duka la agroveti hana kosa, umemwambia "ndege" naye akauza cha ndege.

Kuna pia ugonjwa wa bakteria aitwaye Chlamydia psittaci, ambao ndege humwambukiza mtu kupitia vumbi la kinyesi na manyoya. Ukipata homa, kichwa kikauma sana na kikohozi kikavu kikashika, mwambie daktari wako kwamba unafuga kasuku. Bila kuambiwa hatakisia. Atatafuta malaria kwanza, na huku kwetu nani atamlaumu?

"Mbegu za alizeti ndizo chakula chake"

Alizeti kwa kasuku ni kama chipsi kwa mtoto. Atazila, atazililia, atakataa kingine chochote, nawe utasema, "Si unaona ndizo anazozipenda?" Zina mafuta mengi, kalisi (kalsiamu, madini ya mifupa) kidogo, na vitamini A karibu hamna. Kasuku wa kijivu ana udhaifu wake wa pekee kwenye kalisi: ikishuka damuni anatetemeka, anaanguka kijitini, anapata degedege. Nimeletewa mmoja aliyekuwa ameshaombewa mara mbili. Sina neno na maombi, lakini alipopata kalisi ya sindano alisimama.

Na dawa yake mnaikanyaga shambani. Sukuma wiki mbichi iliyooshwa, mchicha, karoti, boga, viazi vitamu vile vya rangi ya chungwa vilivyojaa masoko ya magharibi, vichemshwe bila chumvi. Mbadilishie polepole, wiki kwa wiki, na mizani mkononi, maana wapo wabishi wanaoweza kufa njaa mbele ya sahani iliyojaa. Umtoe nje pia asubuhi, tundu likiwa na upande wenye kivuli. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha linampa joto, ila ile miale inayotengeneza vitamini D kioo kinaizuia, na bila vitamini D hiyo kalisi yenyewe haimsaidii.

"Mpe pilipili, au mkate ulimi, ataongea"

Pilipili haimdhuru. Ndege hawasikii ukali wake kama sisi, na ina vitamini A, kwa hiyo mpe akipenda. Kumfundisha kuongea haiwezi. Wa kukata au kukwangua ulimi nisikutane naye. Kasuku hana nyuzi za sauti kooni kama zetu: sauti yake inatoka chini kabisa, pale bomba la hewa linapogawanyika kuelekea mapafuni, na ulimi huo unaotaka kuukata ndio anaoutumia kuipa umbo. Ukiukata umemnyima matamshi na chakula pamoja. Kasuku wa kijivu wengi huanza maneno karibu na mwaka mmoja. Ongea naye, ngoja. Majike huongea pia, kwa hiyo msiwarudishe kwa mwuzaji.

"Anaiga tu, hana akili"

Alex, kasuku wa kijivu ambaye mtafiti Irene Pepperberg alimnunua dukani Chicago mwaka 1977, alitaja rangi na maumbo na kuhesabu mpaka sita, mpaka alipokufa mwaka 2007. Wako naye ana kichwa hichohicho, amefungiwa kona ya sebule akitazama ukuta. Wengi wa wale ninaoletewa wamejing'oa manyoya kifuani, nikishahakikisha hakuna ugonjwa wa ngozi wala wa ini, shida yao ni hiyo: kazi hawana. Mpe matawi ya kutafuna, muhindi na maganda yake autoe mwenyewe, na usiku wenye urefu wa saa kumi hadi kumi na mbili bila televisheni.

"Nakuru ni baridi, tumuwekee jiko"

Mji uko juu karibu mita 1,850, na Julai usiku unauma, nakubali. Funika tundu kwa leso nzito, liondoe penye upepo. Jiko la makaa chumbani linamuua kabla halijakuua wewe, kwa sababu mapafu yake hufyonza hewa kuliko yetu, na sumu iliyomo hewani vilevile. Dawa za mbu za kuchoma na za kupuliza, hali kadhalika. Kikaango cha tefloni, kile kisichoshika chakula, kikisahaulika mekoni kikapata moto kupita kiasi, mvuke wake unaweza kumaliza ndege wote wa nyumba kwa muda mfupi, wala wewe hutasikia harufu ya kukustua.

"Avokado ni tunda, haina shida"

Ni sumu kwa kasuku. Najua zinadondoka bure mtaani kwenu. Asipewe hata kidogo. Chokoleti, kahawa na pombe vilevile, na wale wanaomwonjesha bia ili wacheke wajue kwamba mimi sicheki.

"Nimemnunua kwa pesa zangu, ni wangu"

Kasuku wa kijivu ni mnyamapori. Chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 huwezi kumfuga Kenya bila kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ulimpandisha kwenye orodha ya ulinzi wa juu kabisa, kuanzia Januari 2017. Msitu wa Kakamega ndio ukingo wa mashariki wa makao yake ya asili, na huko wamebaki wa kuhesabika. Wengi wa wanaouzwa kimyakimya walinaswa porini, na kwa kila mmoja aliyefika sebuleni kuna wenzake waliokufa njiani ndani ya masanduku. Nikikuuliza kibali usininunie. KWS wako hapa hapa mjini, kando ya ziwa, anza huko. Ndege akiwa mgonjwa lakini, mlete kwangu kwanza, na tafadhali, si ndani ya ndoo ya mafuta. Boksi la katoni lenye matundu na taulo chini linatosha, na lile gazeti la jana lenye kinyesi chake ulikunje uje nalo.