Printa ya zamani, kompyuta mpya: soma kwanza namba ya kosa

Ofisi imenunua kompyuta mpya. Skana iliyopiga kazi miaka yote inachomekwa, na draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuwasiliana na kifaa, inagoma. Kinachofuata kwa kawaida ni kupakua draiva kutoka tovuti yoyote inayojitokeza mbele, au kumwita fundi apige Windows upya. Katika kitengo chetu cha TEHAMA tunawaomba watumiaji wasome kwanza namba ya kosa.

Bofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa mausi, chagua Device Manager, kisha bofya mara mbili kifaa chenye alama ya mshangao ya manjano. Code 28 ni kwamba draiva haijawekwa kabisa, na hilo ni jepesi. Code 52 ni kwamba Windows imeshindwa kuthibitisha sahihi ya kidijitali ya draiva, yaani muhuri unaoonyesha imetoka kwa nani na kwamba haijachezewa. Code 10 ni kwamba kifaa kimeshindwa kuanza, na hapa ndipo watu wanapopoteza siku nzima.

Chukua mfano wa waya wa USB unaounganisha mizani, mashine ya risiti au ruta yenye tundu la siriali. Nyaya nyingi za aina hii zina chipu ya PL2303 ya kampuni ya Prolific. Zile za toleo la HXA ziliondolewa sokoni mwaka 2012, na draiva mpya ya kampuni hiyohiyo huzikataa kwa makusudi, kwa sababu chipu bandia za aina hiyo zilizagaa mno. Kwa hiyo waya unaweza kuwa mzima, kompyuta nzima, draiva halali, na bado kazi isifanyike. Kupiga Windows upya hakutabadilisha kitu. Unaweza kuchagua toleo la zamani la draiva kupitia Update driver, ila Windows Update inaweza kukurudishia jipya baadaye. Ushauri wetu ni kununua waya mwingine. Bei yake haifikii gharama ya kumwita fundi mara mbili.

Kama hujui chipu iliyomo, kwenye dirisha lilelile la kifaa ndani ya Device Manager fungua Details, kisha Hardware Ids. Ukiona VID_067B&PID_2303, sehemu ya kwanza inamtaja mtengenezaji na ya pili inataja bidhaa. Tafuta draiva kwa namba hizo kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Programu zinazojinadi kusasisha draiva zote kwa mpigo, achana nazo.

Windows 11 ipo ya biti 64 tu, hivyo draiva ya biti 32 haiingii kwa namna yoyote. Compatibility mode, hali ya kuiga Windows ya zamani, huihadaa programu ya usakinishaji, lakini draiva yenyewe inabaki vilevile.

Tunachokemea zaidi ni kuzima Memory integrity, kinga ya Windows inayozuia programu hatari kujipenyeza ndani ya mfumo, ili mradi printa ichape. Draiva hufanya kazi ndani kabisa ya mfumo, na wahalifu wa mtandaoni hubeba draiva za zamani zenye sahihi halali lakini zenye udhaifu wa kiusalama, wakazitumia kuzima antivairasi. Ukifungua Windows Security, Device security, halafu Core isolation, utaona orodha ya draiva zinazogombana na kinga hiyo. Si ajabu ukakuta ni mabaki ya kifaa ambacho ofisi ilishakitupa. Jina la faili ya draiva hiyo huanza na oem, mfano oem12.inf; iondoe kwa amri ya pnputil /delete-driver oem12.inf kwenye Command Prompt, ukiwa na haki za msimamizi.

Mtengenezaji akiwa ameshakiacha kifaa, washa kompyuta kwa Ubuntu, mfumo endeshi wa Linux, iliyo kwenye flashi, bila kuisakinisha. Skana nyingi za zamani bado zinahudumiwa na SANE, mfumo wa skana wa Linux. Ikisoma karatasi hapo, kifaa ni kizima na kikwazo kiko upande wa Windows. Isiposoma, bado hujathibitisha kwamba imekufa: ijaribu kwenye kompyuta ya zamani uliyoitoa, na ikifanya kazi, iache kompyuta hiyo iwe ya skana tu, bila intaneti.