Jino likilowa, kinga haishiki

Gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya meno ya utoto. Haling'oi jino lolote ili lipate nafasi, ndiyo maana wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto, “litang'oka tu”. Haling'oki. Limulike kwa tochi uone mifereji iliyo juu yake: mingine ni myembamba kuliko unywele wa mswaki. Humo uji na andazi hujibana, na humo ndimo kuoza kunakoanzia.

Kliniki ya meno tunaiziba mifereji hiyo kwa kinga, yaani utomvu mwepesi unaogandishwa kwa taa ya bluu. Kwa kawaida hakuna sindano wala kutoboa. Kazi yenyewe iko kwenye maandalizi.

Kwanza tunasugua na kukagua. Tukikuta tundu, hilo linahitaji matibabu mengine. Kisha tunalizungushia jino pamba, mpira wa kufyonza mate ukiwa mdomoni, na kupaka jeli ya asidi ya fosforiki kwa sekunde 15 hadi 30. Tunaisuuza na kukausha kwa hewa. Jino lililokuwa likimeta sasa limekuwa jeupe lililofifia kama chaki: asidi imelichimba vitundu visivyoonekana kwa macho, na utomvu utang'ang'ania humo. Ulimi ukiligusa wakati huo, hata mara moja, mate yameshafunika vitundu, nasi tunarudia asidi. Mzazi aliyesimama mlangoni huona tunachelewesha foleni. Afadhali foleni.

Huku kwetu Arusha kuna la ziada. Watoto waliokunywa maji yenye madini mengi ya floridi tangu utotoni, kama wa Maji ya Chai na vijiji vingine vya miteremko ya Meru, huwa na meno ya kahawia ambayo tabaka lake la nje ni sugu kwa asidi, kwa hiyo huenda tukaiacha muda mrefu zaidi. Na wanaosema jino la kahawia halitoboki wanajidanganya.

Nyumbani, mpe chakula kabla ya kuja, apige mswaki, kisha mfanyishe mazoezi ya kukaa mdomo wazi akipumua kwa pua huku ukihesabu hadi 100. Akiwa na mafua mazito, mlete wiki nyingine. Akirudi nyumbani akasema kuna kitu kimezidi anapouma, mrudishe tukisawazishe.